Bango la Pili: Tunauliza kwa Kiswahili, Tunajibu kwa Kiingereza

Miaka michache iliyopita nilikuwa mmoja wa waamuzi watatu wa mabango ya utafiti ya wanafunzi katika mkutano wa kisayansi wa chuo kimoja cha tiba. Bango tulilolipa nafasi ya kwanza lilihusu zebaki katika kijiji cha wachimbaji wadogo wa dhahabu mkoani Geita. Lilikuwa bango zuri. Ramani ilichorwa kwa uangalifu, majedwali yalisomeka, rangi hazikuumiza macho, na mwanafunzi aliyesimama kando yake alijibu maswali yetu kwa Kiingereza fasaha. Tulimpa cheti, tukapiga picha ya pamoja, tukaenda kunywa chai. Jioni bango liliviringishwa, likafungwa kwa mpira, likasimamishwa nyuma ya kabati la idara. Kwa kadiri nijuavyo, bado lipo hapo.

Mwaka uliofuata kazi ilinipeleka katika kijiji kilekile, kusimamia wanafunzi wa mafunzo ya vitendo katika jamii. Mama mmoja mtu mzima alitukaribisha uani kwake. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, daktari," na kabla hatujaketi akaniuliza: "Wale vijana wenu walichukua mkojo wangu na nywele za mjukuu wangu. Wakasema watarudi na majibu. Majibu yako wapi?"

Nilikosa neno la kumjibu. Nilipogeuza macho nikaona, kando ya mafiga ya jikoni kwake, karai dogo jeusi. Nikamwuliza ni la nini. "Hilo la kuchomea dhahabu," alisema, kama mtu anayemweleza mgeni matumizi ya mwiko. Hapo nikakumbuka kwamba katika kona ya chini, upande wa kulia wa bango tulilolitunukia cheti, palikuwa na sentensi iliyoshauri kwamba donge la zebaki na dhahabu lisichomwe ndani ya nyumba wanamoishi watu. Ilikuwa kwa Kiingereza, tena kwa herufi ndogo. Mimi niliisoma kwa miwani na kuipa alama. Mama huyu, ambaye mwili wake ulichangia kuizaa, hakuwahi kuisikia.

Tangu siku hiyo nimekuwa na hoja moja, nayo ndiyo ninayoiweka mbele ya wasomaji wa jarida hili. Kila utafiti wa mwanafunzi unaochapishiwa bango la Kiingereza kwa ajili ya ukumbi wa chuo unapaswa kuchapishiwa bango la pili, la Kiswahili, kwa ajili ya watu waliotafitiwa. Na bango hilo la pili lihesabiwe kuwa sehemu ya mtihani, lisiachwe kuwa hisani ya mwanafunzi mwenye moyo mwema.

Safari ya bango moja

Wengi wetu walimu tumesahau, au hatukuwahi kujua, jinsi bango la utafiti linavyopatikana. Kipimo kinachodaiwa na mikutano mingi ni kile kiitwacho A0: milimita 841 kwa 1,189, eneo ambalo ni takriban mita mraba moja. Hakuna mashine ya kawaida ya ofisini inayoweza kulichapisha. Huhitaji mashine pana ya kuchapishia mabango, na vyuo vingi havina mashine hiyo, au vinayo moja iliyofungiwa katika ofisi ambayo mwenye ufunguo yuko safarini.

Basi mwanafunzi hulitengeneza bango lake kwenye kompyuta kwa programu ya kutengenezea slaidi, akaliweka kwenye flashi, akaenda mjini kwenye duka la steshenari ambalo kazi yake kubwa ni mabango ya harusi, ya kampeni na ya matangazo ya biashara. Hufika usiku wa kuamkia mkutano kwa sababu msimamizi wake alirudisha masahihisho alasiri ya siku ile. Nasema hivi nikijua kwamba msimamizi huyo mara nyingine nilikuwa mimi. Hapo dukani hukuta foleni ya wenzake. Faili likifunguliwa kwenye kompyuta ya duka, herufi alizochagua hazimo, maneno yanahama mistari. Picha ya eksirei aliyotumiwa kwa WhatsApp, ambayo kwenye simu ilionekana safi, ikipanuliwa hadi nusu mita inakuwa ukungu. Umeme ukikatika, kila mmoja hukaa kwenye ngazi akingoja. Malipo hutoka katika fedha ya kujikimu, ile ambayo wenyewe huiita bumu. Mwanafunzi mmoja aliniambia kwamba wiki mbili baada ya bango lake alikula mlo mmoja kwa siku.

Gharama yote hiyo hulipwa kwa ajili ya saa moja au mbili ukumbini. Waamuzi hupita, wenzake hupita, mtu mmoja huuliza swali la takwimu, kisha bango huviringishwa. Mara nyingi hakuna mtu wa kijiji kilichotafitiwa anayefika mbele yake, na hata angefika asingeweza kulisoma.

Simlaumu mwanafunzi. Bango la kisayansi lina kazi yake. Tangu miaka ya 1970, mikutano ya kimataifa ilipoanza kuwa na wawasilishaji wengi kuliko saa za kuzungumza, bango limempa mtafiti mchanga nafasi ya kusimama na kuhojiwa ana kwa ana. Ni shule nzuri. Tatizo ni kwamba tumeifanya shule hiyo kuwa mwisho wa safari.

Nani hulipa gharama ya ukimya

Ukanda unaoanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita ni ukanda wa kuchimba. Mwadui kumechimbwa almasi tangu mwaka 1940. Bulyanhulu, Buzwagi na mgodi mkubwa wa Geita ni majina yanayojulikana katika masoko ya dunia. Lakini kando ya migodi hiyo yenye uzio wapo wachimbaji wadogo wengi, wanaoshuka kwenye maduara kwa kamba, wanaosaga mawe kwenye makarasha na kuosha mchanga kwenye mialo. Hao ndio wanaojaza mabango ya wanafunzi wetu, kwa sababu magonjwa yao ni halisi na wanapatikana kwa urahisi. Ukiwaomba mkojo, damu au makohozi, wengi hukubali.

Zebaki ikichomwa hugeuka mvuke usioonekana. Takriban asilimia 80 ya mvuke unaovutwa huingia mwilini kupitia mapafu, ukaelekea kwenye ubongo na figo. Kwa mjamzito hupita kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Mtu huanza kutetemeka mikono, kusahau, kukosa usingizi, kukasirika ovyo, na jamaa zake husema amebadilika tabia au amerogwa. Vumbi la mawe ya kwatzi nalo hukwaruza mapafu polepole na kudhoofisha kinga yake, hivyo kifua kikuu kikapata mlango. Kinga za mwanzo si za gharama kubwa: kuchomea nje, mbali na watoto na wajawazito, kutumia chombo kinachofungwa ambacho huurudisha mvuke kuwa zebaki, kulowesha mawe kabla ya kuyasaga, kupima makohozi mapema. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji Kiingereza.

Wala si kwamba mambo haya ni mapya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi wa Umoja wa Mataifa uliohusu zebaki katika nchi sita, Tanzania ikiwa mojawapo, ulifika Rwamgasa, Geita, na watafiti wakachukua damu, mkojo na nywele za wachimbaji na wakazi. Matokeo yalichapishwa katika majarida makubwa. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulipitishwa mwaka 2013, ukaanza kutumika mwaka 2017, na Tanzania ikauridhia mwaka 2020. Maarifa yapo, sheria ipo, na bado karai liko kando ya mafiga.

Upande wa Shinyanga kuna mfano mzito zaidi. Kwa miongo mingi, katika vijiji vya Usukumani, wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na jambo mojawapo lililotajwa kuwa ushahidi ni macho mekundu. Daktari yeyote aliyefanya kazi huko anajua kwamba moshi wa mabua na wa kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, vinavyotumika kupikia mahali ambapo kuni zimeadimika, huyawasha macho mwaka baada ya mwaka hadi wekundu ukawa wa kudumu. Sidai kwamba karatasi ukutani ingezuia panga. Mauaji hayo yana mizizi mingine, ikiwamo migogoro ya mashamba na urithi. Nasema tu kwamba mwanafunzi anapotafiti moshi na macho, kisha matokeo yake yakaishia ukumbini, amemnyima bibi kizee shahidi ambaye angeweza kumtetea.

Tulilokubali wenyewe

Kuna jambo linalonisumbua kama daktari na kama mwalimu. Kamati zetu za maadili hudai, na kwa haki kabisa, kwamba fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili ili mshiriki aelewe anachokubali. Mwanafunzi akileta fomu ya Kiingereza peke yake, hurudishwa. Maana yake ni kwamba tunaamini Kiswahili kinatosha kueleza utafiti, hatari zake na faida zake, wakati tunapohitaji kitu kutoka kwa mshiriki. Imani hiyo hutoweka mara tu yeye anapohitaji kitu kutoka kwetu. Tunauliza kwa Kiswahili, tunajibu kwa Kiingereza.

Tamko la Helsinki, ambalo Jumuiya ya Madaktari Duniani ililipitisha mwaka 1964 na kulirekebisha mara kadhaa, linataka washiriki wapewe nafasi ya kuelezwa matokeo ya jumla ya utafiti walioshiriki. Tunalifundisha tamko hilo darasani. Wanafunzi hulikariri na kulijibia mtihani.

Na historia yetu wenyewe inatuaibisha. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vya kujifunza, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu vya Kiswahili chepesi, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Hapakuwa na simu za mkononi wala mashine pana za kuchapishia. Palikuwa na uamuzi kwamba elimu ya afya ni mali ya anayeumwa. Leo tuna madaktari wengi zaidi na vyuo vingi zaidi, lakini uamuzi ule umetuponyoka.

Hoja ninazozisikia

Wenzangu hunipa hoja tatu. Ya kwanza ni fedha. Ni kweli, na ndiyo maana sitaki mzigo huu umwangukie mwanafunzi. Lakini bango la pili si lazima liwe na ukubwa wa lile la kwanza. Nusu yake, yaani A1, inatosha kwa ukuta wa zahanati. Likichapwa kwenye turubai la plastiki linalotumika kwa mabango ya matangazo huvumilia mvua na vumbi.

Ya pili ni kwamba utafiti wa mwanafunzi ni mdogo, na matokeo yake yanaweza kupotosha. Hoja hii ina uzito. Bango la pili halipaswi kutangaza takwimu za sampuli ya watu wachache kana kwamba ni sheria ya maumbile. Linapaswa kusema tulichokuja kukitazama, tulichokiona kwa jumla, na hatua moja ambayo tayari imethibitishwa na elimu ya tiba. Halitaji jina la mtu, halionyeshi sura ya mtu, wala haliiti kijiji kizima kigonjwa. Majibu ya mtu mmojammoja yana njia yake nyingine: hurudishwa kwa siri, na mhudumu wa afya, pamoja na ushauri. Na kabla halijatundikwa, bango lipitie kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Hiyo nayo ni elimu kwa mwanafunzi.

Ya tatu husemwa kwa sauti ya chini: kwamba watu wa huko hawasomi, tena wengi huzungumza Kisukuma. Wapo wasiosoma, na wapo wazee ambao Kiswahili chao ni cha sokoni. Lakini bango si barua ya siri. Hutundikwa mahali watu wanapongoja, na wanaongoja husomeana. Nimemwona mtoto wa darasa la sita akimsomea bibi yake tangazo la chanjo na kulitafsiri kwa Kisukuma kadiri alivyosonga. Mwanafunzi naye asilitundike na kuondoka. Asimame kando yake na kuulizwa, kama alivyosimama mbele yetu. Ajifunze walau kusema "mwangaluka" asubuhi.

Jinsi ya kulifanya

Bango la pili ni gumu kuliko la kwanza, na hapo ndipo lilipo pato la kielimu. Mwaka 2019 Mike Morrison, mwanafunzi wa uzamivu wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, aliwashawishi watafiti wengi waache kujaza mabango kwa aya na badala yake waandike katikati sentensi moja kubwa, kwa lugha ya kawaida, inayosema walichogundua. Mapendekezo yake yaliwalenga wanasayansi wanaopita haraka mbele ya mabango. Yanamfaa zaidi mchimbaji anayepita haraka mbele ya zahanati.

Ningependa kila bango la pili liwe na sentensi moja kubwa, picha ya kitendo kimoja, na mstari unaosema uende wapi ukiwa na dalili. "Zebaki ichomewe nje, mbali na watoto na wajawazito" ni bango tayari. Liandikwe, kisha asomewe mwanafunzi wa darasa la saba. Akikwama, tatizo ni la mwandishi. Lichapishwe kwanza kwenye karatasi ya kawaida ya A4. Kwa bango la A0 upana na urefu hupungua mara nne, kwa A1 hupungua karibu mara tatu. Herufi zisizosomeka kwenye karatasi hiyo mkononi hazitasomeka ukutani kwa hatua chache. Picha zichukuliwe kutoka kwenye kamera au simu ya mpigaji mwenyewe, si zile zilizopunguzwa kwa kutumwa huku na huku. Faili lihifadhiwe kwa muundo wa PDF pamoja na herufi zake. Mambo haya ni madogo, lakini mwanafunzi asiyeambiwa huyajifunza usiku wa manane dukani, kwa fedha yake.

Chuo kwa upande wake kifanye mambo matatu. Kwanza, kila pendekezo la utafiti liwe na mstari wa bajeti wa mabango mawili, na lisipitishwe bila mstari huo. Pili, chuo kiwe na mashine yake ya mabango na mtu mmoja anayeijua, ipatikane wiki tatu kabla ya mkutano, si siku tatu. Idara kadhaa zikichanga pamoja, mashine haitakuwa mzigo. Tatu, sehemu ya alama za utafiti izuiwe mpaka mwanafunzi alete karatasi yenye saini ya mganga mfawidhi wa zahanati au mtendaji wa kijiji, kuthibitisha kwamba bango limefika, limeelezwa na limetundikwa. Tukitaka siku maalumu, ipo: tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Badala ya kuiadhimisha kwa hotuba mjini, tuwapeleke wanafunzi wetu vijijini na mabango yao.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wageni wa vijiji vya Geita na Shinyanga tumekwenda mara nyingi, na waliopona ni sisi: shahada tumepata, makala tumechapisha, vyeo tumepanda.

Siku ile uani nilimweleza yule mama, kwa maneno yangu, kile kilichokuwa kwenye kona ya bango. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza mjukuu wake atakuwaje, nikamwambia ukweli, kwamba lazima apimwe upya, na tukapanga namna ya kumfikisha hospitali. Kisha akalichukua karai, akalitoa nje, akaliweka nyuma ya ua. Nilipokuwa nikiaga akasema: "Daktari, liandikeni hilo ulilosema, tulibandike kule kwenye karasha. Mimi nikiwaambia watasema mama huyu anajifanya anajua."

Nilimwahidi. Mwezi mmoja baadaye nilirudi na bango la Kiswahili la A1, sentensi moja na picha moja, lililochapwa kwa fedha yangu katika duka lilelile wanakopanga foleni wanafunzi wetu. Lilikuwa la kwanza kulitengeneza maishani mwangu, baada ya miaka kumi na mitano ya kuhukumu mabango ya wengine. Nalo lilichelewa mwaka mzima.